Forester turbo SG5 ya 2006 na SJG ya 2015, mbona ya kizee ilitoka mbele?

Kijana_Barani

Salama wadau. Nina swali na naomba nijibiwe kwa hoja manake najua humu ukitaja Subaru tu watu wanaingia na vita vyao vya mafuta.

Mimi niko Malindi, naendesha Subaru Forester SG5 ya 2006, ya turbo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini kuisukumia hewa zaidi), injini ya EJ20, oto ile ya gia nne. Niliinunua kwa mtu Kilifi miaka mitatu nyuma, rangi ya boneti imeanza kubabuka na hii chumvi ya bahari lakini injini iko sawa, oili haili ya kutisha. Binamu yangu ana SJG ya 2015, Forester ya toleo jipya zaidi, ile XT ya turbo yenye injini ya FA20, ilishuka bandarini Mombasa 2022 na tangu siku hiyo hatupumui, tukikaa barazani ni farasi 280, farasi 280, utadhani kawafuga yeye. Yangu kwa karatasi ni 220. Kwa hesabu ya kawaida maneno yameisha hapo.

Sasa Jumapili alfajiri tulikuwa twatoka Gongoni kurudi mjini, barabara nyeupe kabisa, hata boda hakuna. Mtaniambia ni upuuzi na ni kweli ni upuuzi, lakini tukasimama sambamba, mdogo wangu akashuka akainua mkono, akaushusha. Wallahi yangu ilichomoka ikamwacha gari moja na nusu hivi. Nikaanza kucheka peke yangu mle ndani. Halafu nikifika kama 60 na kitu gia ikabadilika, nikasikia kama imevuta pumzi, na hapo hapo jamaa akanipita kama mimi nimesimama kununua madafu. Kufika 100 tukaachilia wote.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba nikipanda yake hata sioni kama inakimbia. Yangu turbo ikiamka unasukumwa kwa kiti mpaka kikombe cha kahawa kinahama, yake inapanda tu laini, kimya, kama lifti ya hoteli. Ukitazama spidomita ndio unashtuka uko 110.

Kwa hivyo nauliza, ya kwanza, farasi 220 watatanguliaje farasi 280 hata kwa hizo sekunde za mwanzo? Na ya pili, tunapimaje kwa haki, manake kuna biriani ya nguru hapa, anayeshindwa ndiye analipa, na tuko watu saba.

Fundi_Maweni

Kijana nimekusoma. Mimi hizi gari nimezifungua zote, tangu ile SF, Forester ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani 1997 ikiwa na farasi 250 (ndio, 250, hiyo SG yako ilikuja baadaye na 220 kwa hivyo usidhani kila jipya huja na nguvu zaidi). Ngoja nikueleze polepole maana jambo lenyewe lina vipande vingi.

Kwanza uzito. SG5 yako iko kilo 1,400 na ushei, SJG iko 1,590 hivi. Gawa kwa farasi, kila farasi wako anabeba karibu kilo 6 na nusu, wa binamu yako anabeba kama 5.7. Kwa hivyo yake ina haki ya kushinda, na akikushinda usilie. Lakini hesabu hiyo ni ya farasi wote wakiwa kazini, na gari haitoki na farasi wote. Wale 280 wanapatikana kule juu injini ikifika mizunguko 5700 kwa dakika. Pale mnaposimama mko mizunguko mia saba au nane, hapo hakuna turbo ya mtu yeyote iliyo macho, mnashindana kwa vitu vingine kabisa.

Vitu gani? Giaboksi. Yako ni oto ya kizamani, ina gia za kweli za meno, na gia ya kwanza ni fupi, inakupeleka 60 na kitu tu ndio ikabidi ibadilishe. Ufupi huo ndio unakurusha. Na nikuulize ukweli, ulikuwa umeshikilia breki huku ukikanyaga mafuta kidogo? Najua ulikuwa, nyote mnafanya. Hapo unaipandisha mizunguko kabla hujaachilia na turbo inaanza kuamka ukiwa bado umesimama. (Usiizoee hiyo tabia, oili ya giaboksi inachemka na ukija kwangu sitakuonea huruma.)

Ya mwenzako ni CVT, haina gia, ina puli mbili zinazopanuka na kubana na katikati mnyororo wa chuma. Injini ile ikiamka inatoa msukumo wa 350 Nm kuanzia mizunguko 2000 mpaka 5600, ni mwingi, na kompyuta haiachilii wote papo hapo gari ikiwa imesimama, inaulinda ule mnyororo usiteleze kwenye puli. Ndio maana inatoka kwa adabu. Ikishashika mwendo haina pa kupumua, hakuna kubadilisha, injini inakaa pale pale penye nguvu na puli ndizo zinafanya kazi. Wewe gia yako ya pili ilipoingia mizunguko ikaanguka, na busti, yaani ile hewa inayosukumwa na turbo, ikashuka kidogo, yeye hakuanguka. Hapo ndipo uliponunua madafu.

Sasa kuhusu kiti kukusukuma. Kiti hakipimi kasi, kinapima mabadiliko. EJ20 yako turbo imekaa juu nyuma ya injini upande mmoja, moshi unasafiri kwa paipu kabla ya kuifikia, kwa hivyo chini ya mizunguko 3000 imelala halafu inaamka yote kwa pamoja, unapigwa teke. FA20 turbo yake iko chini mbele, karibu kabisa na mlango wa moshi, na ni ile yenye njia mbili za moshi ndani yake, inaamka mapema na inapanda kama maji ya kisima. Mwili wako unaona teke ndio nguvu. Sio. Gari ya kwanza inakupa kidogo halafu nyingi, ya pili inakupa nyingi muda wote, na mwisho wa barabara yule aliyepewa nyingi muda wote ndiye yuko mbele.

Swali langu moja kabla sijaendelea. Kwenye usukani wa SJG kuna kile kiswichi cha SI-Drive, cha kuchagua injini iitikie kwa upole au kwa ukali, kina I, S na S yenye alama ya reli (S#). Binamu yako alikuwa ameweka wapi?

mtoto_wa_takaungu

Hahaha fundi umeandika kitabu. Lakini mimi niko na SG hadi kaburini. Hizi za zamani ndio magari, nilisoma mahali Forester ya 2004 ilipimwa ikatoka sekunde 5 na kidogo!! Hiyo SJG yao haifiki hapo hata ikishuka mlima. Hizo mpya ni za akina mama wa kwenda kuchukua watoto shule

Fundi_Maweni

@mtoto_wa_takaungu tusidanganyane. Hiyo uliyosoma ni ya Marekani, ile ya XT ya injini ya lita 2.5 na gia za mkono, sio hii lita 2.0 oto inayotembea hapa mjini. Na Marekani wanapima mpaka maili 60 kwa saa ambayo ni kilomita 97, sio 100, na wengi wao saa inaanza kuhesabu gari ikiwa imeshasogea hatua moja. Kilomita tatu unaziona ndogo lakini hapo kuna nukta kadhaa za sekunde. Ukitaka kulinganisha chukua wa Ulaya, SJ ya turbo (ndugu wa hiyo SJG) iliyouzwa kule ilikuwa na farasi 240 na kampuni yenyewe iliandika sekunde 7.5 kufika 100. Hiyo ya Japani ya 280 basi jaza mwenyewe.

Dada_wa_Gede

Kwanza na mwanzo nyinyi watu wazima mnasimama sambamba kwa barabara ya watu halafu mnashusha mkono kama bendera. Ile barabara watoto wa madrasa wanavuka alfajiri. Nimesema, nimemaliza.

Sasa niseme langu manake mimi niko katikati yenu, naendesha SH5, ile ya turbo ya farasi 230, nayo ni EJ20 na gia nne, na kila wiki niko Mombasa nachukua mzigo narudi. Kilomita 120 kwenda, 120 kurudi. Sijawahi hata siku moja kuhitaji kujua inatoka sifuri mpaka mia kwa sekunde ngapi. Ninachohitaji kujua ni kutoka 60 mpaka 100, kwa sababu mbele yangu kuna lori la chumvi kutoka Gongoni limebeba mpaka juu linakwenda 55, nyuma yangu kuna matatu inaniwashia taa, na mbele naona nafasi ya kupita ni ndogo. Hapo ndipo turbo ina maana. Niliwahi kuendesha SH ile isiyo na turbo ya dada yangu, ukikanyaga inapiga kelele tu, unasubiri, unasubiri, unarudi nyuma ya lori.

Na hapo kwa kupita lori nimepanda SJG ya turbo ya mteja wangu na naomba niseme ukweli, inanishinda. Yangu nikikanyaga gia inafikiria kwanza, inarudi ya pili, turbo inaamka, ndio inakwenda. Ile ukikanyaga ni kama ilikuwa inakusubiri wewe. Lakini sitaki. Ile CVT naiogopa. Nilichajiwa pesa na gereji moja siitaji kwa oili ya giaboksi ya gari ya mteja huyo huyo, wakaweka oili ya oto ya kawaida, gari ikaanza kuvuma kama nyuki, tukarudi wakasema ilikuja hivyo. Yangu hata fundi wa chini ya mwembe anaijua.

Kwa hivyo @Kijana_Barani mkipima pimeni hiyo ya 60 mpaka 100 pia. Biriani ya sifuri mpaka mia ni ya watoto.

Baharia_Amu

Asalaam aleikum. Mimi nawasoma nacheka peke yangu hapa Amu, manake sisi gari tunaiwata Mokowe tunapanda boti, mjini usafiri ni punda, na punda huyo hana turbo wala S ya reli, akikataa amekataa.

Lakini haya maneno yenu sisi tunayo kwa mashini za boti, kitu kile kile. Zamani wote tulikuwa na Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili na mafuta. Sasa wenye pesa wameingia kwa hizi za kisasa zisizochanganya, kimya, hazitoi moshi, mafuta kidogo. Ukitoka jeti, pale gatini, na abiria wanane ile ya kuchanganya inanyanyua boti yuu ya mayi mara moya, manake mashini yenyewe ni nyepesi na inavuta kila inapozunguka. Hii mpya ni nzito, inachukua muda kuinua mdomo wa boti. Lakini ikishainuka, ukipiga ndia ndefu, wa ile kuukuu anabaki nyuma anavuta moshi wake mwenyewe. Na kila ukikaa na wazee watakwambia ile ya kale ndio mashini, kwa sababu wanakumbuka pale jeti tu.

Swali langu kwa fundi, mimi gari yangu ya Mokowe ni SG5 kama ya kijana, niliwahi kuipeleka Nairobi. Watu walisema turbo haidhuriki na mlima. Mbona niliona kama inalala zaidi kule?

Fundi_Maweni

@Baharia_Amu waleikum salaam. Swali zuri hilo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa kila pumzi injini inapata pungufu karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na hapa kwetu pwani. Gari isiyo na turbo inapoteza hiyo yote, ndio maana vigari vidogo vya Nairobi vikishuka Malindi vinajiona vijana. Yenye turbo inafidia, feni ile inazunguka kwa kasi zaidi kusukuma hewa ile ile. Lakini kuizungusha zaidi kunachukua muda, na moshi wenyewe wa kuizungusha ni mchache kabla haijaamka. Kwa hivyo ikishaamka iko karibu sawa, ila inalala kwa muda mrefu zaidi. Ulichoona ni cha kweli.

Sisi pwani adui wetu ni joto. Turbo ikibana hewa inaipasha moto, ndio maana kuna intakula, ile redieta ndogo ya kupoza hewa imekaa juu ya injini. Hizo SG na SH zina lile pua kwenye boneti la kumeza upepo uende pale. SJ waliliondoa, upepo unaingia kwa grili na unapitishwa chini ya boneti mpaka kwa intakula. Kwa zote, ukikaa foleni ya Mtwapa saa nane mchana, kile chuma kinaoka na joto la injini, na ukija kukanyaga mara ya kwanza kompyuta inasikia hewa ni ya moto inapunguza. Kwa hivyo kijana, ukipima asubuhi yako halafu binamu apime adhuhuri, hamjapima kitu.

Halafu mafuta. Hizi zote mbili kule Japani kifuniko kimeandikwa zinywe mafuta ya juu, na ya juu ya kule ni okteni (kipimo cha mafuta kuhimili kugonga) karibu 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Injini ikisikia kugonga ndani inachelewesha moto wa plagi yenyewe, na ukichelewesha moto umepoteza farasi kimya kimya, hutaona taa yoyote kwa dashibodi. FA20 inabana hewa ndani ya silinda 10.6 kwa 1 ambayo kwa injini ya turbo ni nyingi, inaweza kwa sababu mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na yanapoza mle ndani, lakini ukiipa mafuta mabaya inajihami. Wekeni mafuta ya bomba moja, siku moja.

Na wewe SG yako ina miaka karibu ishirini. Hao 220 walikuwa wa kiwandani. Angalia paipu za mpira za intakula zimepasuka wapi, angalia plagi, angalia filta ya hewa manake najua unakwenda Marafa na lile vumbi jekundu. Mpasuko wa kucha tu unatoa busti na unabaki unasema gari za siku hizi zina nguvu. Na mkanda wa taiming uliubadilisha lini? Ya mwenzako ni cheni, yako ni mkanda, ukikatika valvu zinagongana na pistoni na hiyo biriani utaila ukiwa umekaa kwa baiskeli.

Bado sijajibiwa kuhusu kile kiswichi.

Kijana_Barani

Mzee wangu Fundi shikamoo. Nimeuliza. Ilikuwa kwa I. Tangu gari ishuke bandarini haijawahi kutoka kwa I, anasema aliambiwa I ni ya kubania mafuta na akaiacha hapo miaka yote. Na ndiye anayetupigia kelele za farasi 280!!

Fundi_Maweni

Marahaba. Basi umeshindana na mtu aliyefunga mkono mmoja mgongoni. I inalegeza kanyagio, ukikanyaga nusu inakupa robo, na hata ukikanyaga yote inakuja kwa kusitasita. Kwa S yenye reli CVT inajifanya ina gia nane za kuruka na inaitikia upesi. Rudieni. Na msishindane wawili, kila mtu apime peke yake, zamu kwa zamu, mtu mmoja ndani, eyasii imezimwa, mwende kwa upande mmoja halafu mrudi upande wa pili mtoe wastani, kwa sababu kaskazi ikivuma inakusukuma kwenda na kukuzuia kurudi. Msiamini spidomita, ya gari karibu zote inasoma juu ya ukweli. Na programu za simu pia muwe macho, GPS ya simu nyingi inajisoma mara moja tu kwa sekunde, sasa unapimaje nusu sekunde kwa kitu kinachoangalia saa kila sekunde? Nitawaazima kile kidude changu cha nje kinachosoma mara kumi kwa sekunde. Mkikivunja mnalipa.

Dada_wa_Gede

Na barabara isiyo na watu.

mtoto_wa_takaungu

Leta majibu, mimi nishaweka mia tano yangu kwa SG

Kijana_Barani

Haya nimerudi. Poleni nimekaa wiki mbili, fundi alikuwa sahihi kuhusu ile paipu, ilikuwa na mpasuko upande wa chini hata huuoni mpaka uishike, na plagi mbili zilikuwa nyeusi tii. Nimebadilisha zote nne. Mkanda wa taiming usiniulize, nimeweka miadi.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Sala, kule mbele ya Kakuyuni pale nyumba zinapoisha. Dada wa Gede ulikuwa na haki, tulimtuma mdogo wangu na pikipiki kwanza akaangalia kote, na hatukusimama sambamba, kila mtu zamu yake na hakuna aliyepita 100. Mafuta tuliweka bomba moja usiku wake, robo tangi kila mtu.

Sifuri mpaka 100, yangu ya kwanza sekunde 8.4, kurudi 8.7. Yake kwa I 8.2 na 8.3. Yaani hata kwa I alikuwa ananishinda akifika mia, ile gari moja na nusu ilikuwa ya mwanzoni tu. Halafu kwa ile S ya reli, 7.3 na 7.5. Nilikaa kimya kidogo.

60 mpaka 100 kama dada alivyosema, yangu wastani 4.5, yake 3.8. Nikafikiria lile lori la chumvi nikaona hiyo sio ndogo hata kidogo.

Lakini sifuri mpaka 40, na nataka hii isomwe na kila mtu, yangu ilimshinda. Kidogo, nukta moja au mbili za sekunde hivi, lakini mara zote mbili. Na sikushika breki fundi, wallahi sikushika.

Yeye naye alijaribu kuendesha yangu kurudi mjini. Alipokanyaga pale baada ya Kakuyuni turbo ikaamka akapiga kelele kama mtoto, akasema hii yako ndio inakimbia. Nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi imekosea.

Baharia_Amu

Ni yale yale ya jeti nilosema.

mtoto_wa_takaungu

sifuri mpaka 40 tumeshinda!! mia tano yangu iko hai

Fundi_Maweni

Mia tano yako imekufa mtoto wa Takaungu. Kijana, kile kidude kirudishwe kesho kabla ya adhuhuri. Na mwambie binamu alete ile SJG niangalie, injini inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hayapiti kwenye valvu za hewa, hakuna kinachoziosha, na gari imetembezwa kwa I miaka yote bila kukanyagwa, nina hakika zile valvu zimevaa masizi kama sufuria ya kuni. Zikisafishwa huenda hata hiyo 7.3 ikashuka.

Kijana_Barani

Fundi usimwambie hilo. Nakuomba.

Dada_wa_Gede

Na biriani ni lini? Mimi ndiye niliyewaambia 60 mpaka 100, niandikieni sahani.

Kijana_Barani

Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwetu Barani. Nguru nimeshamwagiza kwa mvuvi wa Mambrui. Tulikuwa saba sasa naona tuko kumi na moja. Baharia ukivuka Mokowe asubuhi utawahi, lakini usije na punda.